Mstari Niliouruka

Jumba letu la mahakama hapa Johannesburg ni la zamani kiasi kwamba lifti yake husimama kidogo kutafakari kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Mwaka jana wakubwa waliona limezeeka vya kutosha kufanyiwa sherehe, wakaamua sanduku la chuma lifukiwe ukutani, lifunguliwe baada ya miaka hamsini. Kila mfanyakazi atie kitu chake. Hakimu wangu alitoa kalamu ambayo haijawahi kuandika vizuri. Mama anayefanya usafi ghorofa yetu alitoa orodha ya wanaoacha vikombe vichafu, akidai vizazi vijavyo vina haki ya kujua.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Nasimama kando ya Mkongo mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, au Mtanzania mwenzangu aliyegombana na mwenye nyumba, na kuyageuza maneno yao kuwa Kiingereza. Nimekula kiapo kutafsiri yote, bila kuongeza wala kupunguza. Mtu akimtukana hakimu, nami namtukana hakimu, kwa heshima zote. Najivunia kiapo hicho kupita kiasi. Mume wangu husema hata siku ya harusi yetu nilikuwa nasubiri kuapishwa.

Basi nikamwandikia barua binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye sanduku likifunguliwa atakuwa bibi mwenye wajukuu. Niliandika Kiswahili cha kwetu Tanga, kwa maringo. Utaratibu ulidai tafsiri ya Kiingereza iambatanishwe, kwa hiyo Jumamosi mchana tukakaa naye mezani kwetu, mtaa wa La Rochelle, mimi nikitafsiri kwa sauti, yeye akichapa kwenye kompyuta.

Yeye kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akitaka nichelewe kuelewa. Alipokuwa na miaka saba nilipiga marufuku lugha nyingine mezani, nikidhani wiki moja itatosha. Akanyamaza. Akawa anakula, anashukuru, anaondoka, na hadithi zake za shule zikahamia kwa jirani. Marufuku yalikufa yenyewe, lakini hadithi hazikurudi. Iliniuma, na sikuwahi kumwambia mtu.

Hayo nilikuwa nimeyaandika katikati ya ukurasa. Nilipoyafikia, nikakohoa, nikaruka, nikaendelea na habari za umeme kukatika.

Akaacha kuchapa.

"Ma, umeruka mstari," alisema kwa Kiingereza.

"Mwandiko wenyewe mbaya."

Shahidi mwongo kama mimi siku ile sijapata kumwona kizimbani. Akaivuta karatasi, akaweka kidole, akaanza kusoma Kiswahili changu, akikwama kila neno la pili: "Nisamehe, mwanangu. Niliipigania lugha yangu, nikakunyamazisha wewe."

Sikujua hata kama anaweza kukisoma Kiswahili. Kidole chake bado kilikuwa palepale. Kisha akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, cha kuokoteza:

"Eish. Hii hapana weka kwa ukuta, Ma. Miaka hamsini ni mingi. Ambia mimi sasa."

Nikamwambia, vibaya, nikirudiarudia. Yeye akanijibu kwa Kiingereza, kwa muda mrefu sana, na sikumkatiza.