Sufuria ya Bi Asmahan Hairudi Tupu

Bi Asmahan Haidari wa Erdington alikuwa na kiburi kimoja tu, na kiburi chenyewe kilikuwa pilau. Mengine yote aliyavumilia: baridi, foleni, mvua isiyojua kunyesha ikaisha, na kazi yake ya jikoni katika skuli moja ambako alilazimishwa kuchemsha karoti mpaka zikasahau kuwa ni karoti. Lakini Jumamosi zilikuwa zake. Mzanzibari yeyote wa Birmingham mwenye arusi au khitma alijua mlango wa kugonga. Bi Asmahan akishafunua sufuria yake kubwa, ile aliyoiingiza Uingereza ikiwa imejaa nguo badala ya sanduku, hata watu waliokuwa hawasemezani walikaa sinia moja.

Basi mwaka 2006, kiangazi kile ambacho polisi waliogopa bomu katika kila kifurushi, Bi Zuleha akamuoza binti yake katika ukumbi mmoja wa Washwood Heath. Bi Zuleha huyu alikuwa mama wa watu, mkarimu, lakini akinuna hununa kwa utaratibu kama anayefanya kazi ya serikali. Pilau akamwachia Bi Asmahan.

Bi Asmahan alilipika kwa mapenzi. Akaifunika sufuria, akaifunga mfuniko kwa kanga, akaizungushia blanketi ili joto lisitoke, akaipakia kwenye siti ya nyuma ya gari la mumewe, Bwana Khatib, na bakuli la kachumbari akalipakata mwenyewe. Hawakufika mbali. Askari wawili waliwasimamisha, wakachungulia, wakaona kitu kikubwa, cha moto, kimefungwa na kufunikwa. Wakaita mbwa.

Mbwa yule alikuwa amefunzwa kuketi akinusa hatari. Alinusa hewa, akaketi. Wakamvuta, akagoma. Bwana Khatib alieleza kwa Kiingereza safi kabisa kwamba ile ni nyama ya ng'ombe na mdalasini, na kwamba mbwa yeyote mwenye akili angeketi, lakini sajini aliyekuja na mbwa, Yarrow kwa jina, alisema utaratibu ni utaratibu. Sufuria ikapelekwa kituoni kuchunguzwa. Kachumbari haikushukiwa.

Bwana Khatib hakukubali kunyamaza. Palepale barabarani alimpigia simu Diwani Manjit, mwenyekiti wa kamati ya jiji iliyowekwa kuwaangalia polisi. Diwani alimwambia atulie, atampigia mkuu wa kituo mwenyewe, dakika hiyohiyo.

Hivyo ndivyo Bi Asmahan alivyoingia ukumbini Washwood Heath, watu wamevaa wamependeza, sinia zimepangwa, naye amebeba bakuli la kachumbari.

"Pilau liko wapi?" aliuliza Bi Zuleha.

"Polisi wame-confiscate."

Bi Zuleha alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Polisi wa huku wanakamata watu, Asmahan. Hawakamati pilau. Kama umeliunguza, sema umeliunguza, tujue moja."

Arusi ikala chipsi na kachumbari. Na tangu siku ile Bi Zuleha akanuna ule mnuno wake wa kiserikali, na wanawake wengine wakanuna naye. Simu ya Bi Asmahan ikawa kimya. Jumamosi alipika pilau dogo la watu wawili, Bwana Khatib akala la watu wanne, na suruali zake zikaanza kulalamika. Kupoteza arusi aliweza kustahimili. Lakini kuambiwa ameunguza! Hilo lilimuuma mpaka usingizini, na dawa yake ilikuwa moja tu: polisi waseme, mbele za watu, walilifanyia nini pilau lake.

Alikwenda kituoni. Akaambiwa chakula kiliharibiwa kwa ajili ya usalama. Akaenda kwa Diwani Manjit, ambaye alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akageuka kidogo ili mpiga picha aone vizuri, akasema suala lake amelichukua kwa uzito mkubwa. Aliongea na mkuu wa kituo siku ileile, akahakikishiwa kila kitu kilikwenda sawa. Alijivunia sana simu ile. Bwana Khatib alisema nyumbani Unguja aliwazoea polisi wanaotaka chai, lakini hawa waliolifutilia mbali pilau zima hakujua awaweke fungu gani.

Hatimaye Sajini Yarrow akaileta sufuria mlangoni. Imesuguliwa ikang'aa, hata lile jeusi la chini alilolitunza miaka yote limetoka. Bi Asmahan akafunua. Mlikuwa hamna kitu.

Hapa msomaji wa pwani ameshaelewa, lakini kwa faida ya sajini tueleze. Mtu akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi kitupu. Utatia hata ndimu mbili, hata chumvi, lakini kitupu hukirudishi, labda kama unamtafutia ugomvi. Bi Asmahan alisimama pale na matusi yote ya mitaa ya Ng'ambo, kwao Unguja, yamempanda kooni. Ndipo akaona jambo. Sajini hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anachungulia nyuma yake, kuelekea jikoni, na pua yake ilikuwa inacheza. Mpishi humjua mtu aliyekwisha kuonja. Matusi akayameza, akaaga kwa adabu, akafunga mlango.

Wiki ile diwani alikuwa na mkutano wa wananchi Moseley, wa kueleza jinsi kamati yake inavyowasimamia polisi. Alialika jamii zote, akaahidi chai na keki, kwa hiyo hata Bi Zuleha alikuja, akakaa safu ya mbele na mnuno wake. Bi Asmahan alipanda mabasi mawili na sufuria, akaiweka pale pa vigari vya watoto, na bibi mmoja akainama kumchungulia mtoto. Akaingia ukumbini, akaitua mezani mbele ya diwani, baina ya keki na Sajini Yarrow aliyetumwa kuwakilisha kituo.

Diwani alimpokea kwa tabasamu la picha. Akaurudia wimbo uleule: chakula kiliharibiwa, alipiga simu mwenyewe, ana imani kamili na kituo.

Bi Asmahan alivuta pumzi. Alichotaka kusema kilikuwa kizito kuliko sufuria, na Bi Zuleha alikuwa anasikia.

"Basi nashukuru mlilitupa," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Siku ile pilau langu liliungua. Halikuwa na chumvi. Nyama ilikuwa ngumu. Ningeona haya mtu akilila."

Bi Zuleha akawageukia wenzake kwa ushindi. Bi Asmahan aliona, na akahisi uso unamwaka moto. Miaka yote ile hajapata kulisema vibaya pilau lake, hata kwa mzaha.

Sajini Yarrow alijikaza. Alitazama keki, akatazama dari. Shingo ilimwiva.

"Halikuungua," alisema.

Diwani akamwambia kwa upole kwamba zamu yake ya kuongea bado.

"Halikuungua, bwana. Nyama ilikuwa inaachana yenyewe. Na vile viazi." Sauti ilimkatika kidogo. "Sijapata kula kitu kama kile maisha yangu. Hatukukiharibu. Tulikula, kituo kizima, na tuliporipoti kwamba tumekitupa, tulikuwa tunalamba vijiko."

Diwani, kwa kujiokoa, alisema haiwezekani, yeye alizungumza na mkuu wa kituo siku hiyohiyo.

"Ndiyo," alisema Yarrow. "Alikuwa anatafuna."

Kila mtu akamgeukia diwani. Diwani alisema alidhani laini ya simu ni mbovu. Kisha, kwa kuwa mpiga picha alikuwa bado anapiga, alisema kutakuwa na uchunguzi, na mkuu wa kituo atajieleza. Bi Asmahan alisema uchunguzi ni mzuri, lakini sufuria imerudi tupu. Akamweleza maana yake. Akasema aliyewaangalia polisi kwa simu ndiye atakayeileta imejaa, nyumbani kwa Bi Zuleha, maana chakula kilikuwa cha arusi yake.

Wakaja Jumapili, diwani kashika mpini huu, sajini mpini ule, mpiga picha hakuna, maelezo hakuna. Ndani mlikuwa na wali wa maziwa aliopika Yarrow mwenyewe, na diwani akakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikoroga, mpaka simu ilipolia. Bi Asmahan alionja kijiko kimoja. Sebule nzima ilimsubiri.

"Umeungua," alisema. Uongo juu ya chakula alikwisha kusema mara moja, ikamtosha. Akapakua sahani iliyojaa hadi ukingoni, akampa diwani, akakaa mbele yake mpaka akaimaliza, ukoko na yote.

Bi Zuleha alimsogelea Bi Asmahan, akachukua kijiko chake, naye akaonja.

"Kumbe hivi ndivyo kuungua kulivyo," alisema. "Mie nilikuwa sijui, shoga. Nisamehe." Halafu akakohoa. "Mdogo wake bi arusi anaolewa kabla ya Ramadhani. Pilau nimwachie nani?"

Bi Asmahan alilia, akajifuta kwa kanga, akasema atapika.

Siku ya arusi ile, sufuria ilikwenda Washwood Heath kwa gari la polisi, Sajini Yarrow akiendesha polepole kwenye matuta. Alikuwa amealikwa, tena sinia ya mbele. Bi Asmahan alikaa nyuma na sufuria yake, na mkono haukutoka juu ya mfuniko mpaka walipofika.