Tawi Langu Langoni

Nilikuwa upande wa wanafunzi wagomaji, hilo lieleweke. Mabomba ya bweni letu yalikuwa makavu huku ziwa tukiliona dirishani, na mimi yalikuwa yamenifika shingoni. Asubuhi ile nilivunja tawi la mwarobaini kama wenzangu. Kisumu, mwandamanaji hubeba tawi kuonyesha amekuja kwa amani, na asiye nalo hutazamwa kwa jicho baya.

Kisha umeme ukakatika chuo kizima.

Wenzangu walishangilia. Mimi nilikimbilia lango la maabara. Mle ndani kulikuwa na vifaranga wangu wa samaki aina ya ngege, kwenye matangi yanayotegemea pampu ya hewa. Utafiti wangu wote ulikuwa mle, wakifa, sihitimu. Dawa ilikuwa moja tu: kuchota maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yaingie hewa, bila kupumzika, mpaka umeme urudi.

Kiongozi wetu, kijana mrefu wa mtaa wa Nyalenda, alikuwa amepanga safu ya wagomaji mbele ya lango.

"Omera, ndugu yangu, niache nipite. Samaki wangu wanakufa."

"Leo hakuna lab, dada. Tukifungulia mmoja, hii mgomo imekwisha."

"Kwa hivyo tunagoma juu ya maji, halafu tunaua samaki?"

Mtu alicheka. Kiongozi hakucheka. Alinitazama, kisha akasogea kando.

"Pita. Lakini tawi usiangushe. Ukiangusha, hawa watasema umetuuza."

Mlinzi, mzee aliyekuwa akinisalimu kila siku, alishika komeo upande wa pili. "Nyathina, mwanangu, nimeambiwa mtu ya matawi asiingie. Weka hiyo chini nifungulie wewe."

Nilisimama pale katikati kama mjinga. Nilipoinamisha mkono kidogo tu, mtu nyuma yangu akapaza sauti: "Msaliti!" Jiwe likagonga lango karibu na sikio langu. Niliogopa, lakini hasira ilizidi woga. Watu wa pande zote mbili walinijua, na bado walichotazama ni majani.

Nyayo zikaja mbio nyuma yangu. Alikuwa kiongozi. Alinipokonya tawi.

"Nitakushikia. Enda haraka."

Mlinzi akafungua komeo, nikaingia mbio. Niliwakuta vifaranga wamepanda juu ya maji, vinywa wazi, wakitafuta hewa. Nikachota, nikamwaga, nikachota. Nje kulilipuka mabomu ya machozi ya polisi, watu wakapiga mayowe, na moshi ukaingia dirishani. Nililia kwa moshi na kwa uchungu, lakini jagi sikuliweka chini. Mikono ilikuwa imekufa ganzi pampu iliponguruma tena.

Nilipotoka, safu haikuwepo. Viatu vilikuwa vimetapakaa barabarani. Kiongozi alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, macho mekundu, machozi yakimchuruzika, tawi lake mkono mmoja na langu mkono wa pili.

"Wamepona?"

"Wengi."

"Basi shika lako," akasema. "Bomba bado ni kavu."