Mwenye Haki Aliyezima Sauti

Nilikuwa nimemrekodi mume wangu, Baba Brian, akishona viatu hapa Kambi Muru, akinitania huku redio ikiimba. Baada ya mazishi niliiweka video hiyo mtandaoni ili ndugu zake wamsikie. Nilipoifungua asubuhi, midomo yake ilikuwa inacheza lakini sauti haikutoka. Chini palikuwa na maandishi: "Sauti imeondolewa kwa ombi la mwenye haki."

Mimi mwenye haki namjua wa kanisani tu: mtu mwema aliyelala katika Bwana. Basi Baba Brian mwenyewe ndiye aliyeomba nisimsikie tena.

Nilienda kituoni Kawangware 56, kwenye saluni ya dada yake, Nekesa. Mbele ya wateja nikaiweka simu kitini video ikicheza, nikapiga magoti.

"Baba Brian, nimekukosea nini? Niongeleshe."

Alinitazama kutoka kwenye simu, akafungua mdomo na kuufunga. Mteja mmoja akaanza kukemea pepo.

Nekesa aliyasoma yale maandishi, akashika kichwa. "Woi, Mama Brian! Mwenye haki ni mwenye wimbo! Ile ya redio hapo nyuma. Hata video zangu za nywele huwa wanazima hivyo. Ile ulirekodi si bado iko kwa simu?"

Aliitafuta, akaongeza sauti. Nami nilikuwa bado magotini. Sauti ya mume wangu ikatoka, wazi kabisa:

"Mama Brian, zima hiyo redio kwanza. Hawatanisikia."