Neno la Asahel Pruitt

Kwa miaka ishirini Asahel Pruitt alishona matandiko ya farasi, mpaka watu wa Birchell walipomchagua kwenda bunge la jimbo. Walimtuma jambo moja tu: sheria ya kuwalazimisha wenye migodi ya makaa ya mawe wachimbe njia ya pili ya kutokea. Mgodi wa Birchell ulikuwa na tundu moja, na Obed, mwanawe wa pekee, alishuka humo kila alfajiri.

Miaka mitatu aliupigania muswada ule. "Fundi matandiko, rudi kwa punda wako!" walimzomea wajumbe wa upande wa pili. Hakujali.

Asubuhi moja Lemuel Straught, mpinzani wake mkubwa, alimshika mkono mlangoni, macho mekundu.

"Bwana Pruitt, binti yangu yu mahututi. Nipe neno lako."

Ndiyo desturi ya bunge lile: mjumbe akipata dharura, humwomba mpinzani mmoja naye asipige kura, ili hesabu isiyumbe. Haiandikwi popote. Mtu hupewa neno, basi.

"Nenda kamwuguze, bwana. Mpaka urudi, sipigi kura yoyote."

Hakuna aliyeutarajia muswada wiki ile. Kesho yake Spika akauleta, na mimi hutanishawishi kwamba haikuwa hila. Karani akaita majina.

"Pruitt!"

Karani akarudia jina.

"Sema ndiyo, we mzee!" mwenzake alimnong'oneza kwa hasira. "Una wazimu?"

"Nimetoa neno," alisema Asahel.

Kura arobaini na moja kwa arobaini na moja. Zikilingana, muswada umekufa.

Septemba moto ukashika mbao za tundu lile. Wanaume sitini na watatu walikuwa chini. Obed alipatikana siku ya tatu, ameziba mdomo kwa shati lake. Mama yake, Keziah, hakumlaumu mumewe. Aliacha tu kumwita kwa jina.

Straught alikuja mazishini na binti yake, mzima wa afya. Akavua kofia.

"Pole sana, Pruitt. Lakini ilikuwaje usipige kura, na mwanao yumo mle?" Akashusha sauti. "Mimi ningepiga."

Asahel alimtazama yule binti kwa muda mrefu. Kisha akachukua sepetu, akaendelea kumfukia mwanawe.