Mtaro wa Watawa

Harufu ya mawe yaliyolowa mvua, yenye kuvu na majani yaliyooza, hunikamata hata leo nikipita kando ya kanisa lolote kuukuu hapa London. Hunirudisha Uskochi, kwenye magofu ya monasteri tuliyotembelea nikiwa na miaka minane.

Kanisa letu la Wakongo, pale Peckham, lilikodi basi la kwenda huko wakati wa likizo ya shule. Mama alikuwa akifanya usafi maofisini na hakuwa ametoka nje ya London tangu afike kutoka Kongo. Alivaa kitenge chake cha ibada, akavaa na koti zito juu yake, akakaa dirishani akishangaa kondoo. Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake: kwa daktari, shuleni, na siku ile kwenye magofu. Ila Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilikielewa chote, kukisema nilikuwa nabahatisha.

Aliyetutembeza, bibi mmoja mwembamba mwenye mwavuli, alieleza kwamba watawa waliishi pale karne nyingi zilizopita, wakifuga kondoo na kunakili vitabu kwa mkono. Nikatafsiri. Mama akatabasamu, akaupapasa ukuta. Kisha bibi akafika kwenye vita. Majeshi ya mfalme wa Uingereza yalipanda bonde lile, yakachoma paa la kanisa, yakaua watu yaliowakuta. Watawa wachache, alisema, walijificha kwenye mtaro wa mawe uliopita chini ya jiko. Mimi sikujua kusema mambo yaliyopita, nikamwambia Mama: "Askari wanakuja. Wanachoma kanisa. Watu wanajificha huku chini."

Tabasamu likamtoka. Aliutazama mtaro, kisha akatazama bonde.

Ndipo ndege ya kivita ikapita. Marubani hufanya mazoezi kwenye mabonde yale, wakiruka chini mno, na ngurumo hukufikia wakati ndege iko tayari juu ya kichwa chako. Wenzetu walipiga kelele, wengine wakacheka. Mimi nilijikuta naburutwa. Mama alinisukuma ndani ya mtaro, akaingia nyuma yangu, akanilalia kwenye tope na kuniziba mdomo kwa kiganja.

Mwanzoni niliwaogopa watawa. Niliwaona wamechuchumaa gizani mbele yangu, wakinisubiri. Lakini hofu hiyo ilikuwa mchezo tu mbele ya ile iliyofuata, nilipohisi moyo wa Mama ukinigonga mgongoni. Sikuwa najua kwamba mama naye huogopa.

"Furaha, tulia," alininong'oneza. "Usitoke, Furaha."

Mimi naitwa Neema.

Mchungaji wa kanisa letu ndiye aliyetufuata. Alipiga magoti kwenye mdomo wa mtaro na suruali yake nzuri, akasema kwa upole, "Imekwisha pita, Mama Neema. Hapa ni Uskochi." Alirudia mpaka akasikika. Ndani ya basi hakuna aliyecheka tena. Mama alilala njia nzima, nami nilitazama alama za vidole vyake kwenye mkono wangu, nikiogopa kumuuliza Furaha ni nani.

Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, jikoni, tukichambua sombe, majani ya muhogo, huku binti yangu akicheza sakafuni. Furaha alikuwa mdogo wake. Walijificha chini ya mbao za kanisa la kijiji chao askari walipokuja. Furaha akasikia sauti ya mama yao nje, akamchomoka Mama mkononi, akatoka. Hakurudi.

"Lakini wewe," alisema bila kuinua macho, "wewe sikukuachia."

Miaka yote hiyo nilidhani siku ile nilimwona mama yangu akishindwa na woga. Aliogopa, ndiyo, kuliko mtu yeyote katika bonde lile. Lakini safari hii mtoto alitoka naye mzima.