Mama Aron Alishuka Dar Kupumzika, Wakampeleka Hospitali

Hii alinisimulia Mama Aron mwenyewe, Jumatano ya wiki iliyopita, tumekaa kwenye ngazi za kanisa tunangoja mvua ikatike ndipo tushuke nyumbani. Jina lake la ubatizo ni Efrazia. Ana miaka sitini na minne na meno yake yote.

"Mwenzangu," akaniambia, "nimepelekwa hospitali mbili kwa siku mbili, na kosa langu ni kusema nimekuja kupumzika."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Ilikuwa hivi.

Sisi huku Lushoto tuna mazoea yetu. Mtu mzima hashuki Dar es Salaam hivihivi. Akishuka ni ugonjwa, au msiba, au arusi ya mtoto. Sababu ya nne haipo.

Watu wa Dar ndio wanaopanda huku kwetu mwisho wa wiki na miwani yao ya jua. Wanakaa ukingoni mwa jabali, wanapigana picha, wanasema wamekuja kupumzisha akili. Sisi tunawauzia mapea.

Efrazia amewauzia mapea miaka na miaka. Siku moja akajiuliza, hivi akili yangu mimi inapumzishwa wapi?

Maana huyu mama ndiye mkuu wa masufuria. Ukitokea msiba, uwe wa Wakristo au wa Waislamu, hata wa mtu aliyefia Muheza akaletwa kuzikwa huku, anaitwa Efrazia kwanza, mchungaji na shehe baadaye. Mwaka huu mpaka Juni alikuwa ameshapikia misiba kumi na mmoja.

Na nyumbani kwake mlango haupoi. Mama Aron, tuazime mwiko. Mama Aron, mtoto ana tumbo. Mama Aron, njoo utuamulie, huyu kahamisha mpaka wa shamba.

Akataka siku tatu tu.

Akae kwenye benchi mahali asipojulikana, atazame watu wakipita. Ale askrimu mpaka iishe. Apande pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Asiulizwe kitu na mtu. Basi.

Akakata tiketi ya kushuka Jumatatu na ya kurudi Ijumaa.

Kabla ya kuondoka akaiweka nyumba sawa, kama mtu yeyote mwenye akili. Mbuzi akamwachia Mwajuma, jirani yake, wamezoeana tangu wasichana. Akampa na ufunguo. Akamwonyesha debe la mbegu za maharage lilipo. Kitanda akakitandika shuka mpya.

Kumbe hapo ndipo alipoharibu.

Aron ndiye mwanawe mkubwa, anauza vipuri vya magari Dar. Ana simu mbili na zote zinalia. Alimpokea stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kupumzika."

Aron akamtazama juu mpaka chini. Akapokea kikapu. Ndani ya gari akaendesha polepole, kama amebeba mayai.

"Mama, mimi ni mwanao. Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Hicho unachonificha."

Nyumbani wakapokewa na mkamwana, anaitwa Scholastica. Alipiga goti, akasalimia, akasema, "Pole mama."

"Pole ya nini?"

Binti akamtazama mumewe. "Ya safari."

Chakula kikaja. Aron kawekewa samaki wa kukaanga na wali wa nazi. Efrazia kawekewa mchicha wa kuchemsha, hauna chumvi, hauna mafuta, umelala kwenye sahani umekata tamaa. Akala. Ni mtu mvumilivu, na ugenini huwezi kuchagua.

Baada ya kula Aron akatoka kibarazani na simu. Akampigia Mwajuma. Sasa, Mwajuma akiongea na simu, hata ukiwa jikoni unamsikia.

"Mama mdogo, kabla mama hajaondoka alisemaje?"

"Hakusema kitu. Ameniachia ufunguo."

"Na nini tena?"

"Na mbuzi. Akanionyesha na mbegu zilipo. Na kitanda kakitandika shuka mpya."

Aron akageuka, akachungulia ndani.

"Mama mdogo," Aron akasema kwa sauti ya chini, "mama ameaga."

"Subhanallah," Mwajuma akajibu, na simu ikakatika.

Hapo kimenuka.

Jumanne asubuhi, hospitali ya kwanza. Damu, mkojo, presha, ulimi nje. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Mama, unasumbuliwa na nini?"

"Nasumbuliwa na mwanangu."

Daktari akaandika. Aron akanyoosha shingo aone kilichoandikwa.

Majibu yakatoka saa kumi. Hana kitu. Presha yake nzuri kuliko ya mwanawe.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Aron alikunja uso. "Wameshindwa kuuona."

"Kuona nini?"

"Ugonjwa."

"Haya, kwa kuwa wameshindwa, nipeleke kwenye benchi."

"Benchi gani mama?"

"Lolote. Nataka kukaa."

Scholastica akamnong'oneza mumewe, lakini Efrazia masikio yake ni mazima. "Umesikia? Miguu imeanza kukataa."

Usiombe yakukute. Ukisema uko mzima, unaficha. Ukikasirika, ni maumivu. Ukinyamaza, hali imebadilika. Efrazia alijaribu kucheka, wakatazamana.

Jumatano, hospitali kubwa zaidi. Wakamlaza kwenye mashine inayonguruma, wakamwambia asipumue. Kabla ya hapo alikaa koridoni saa tano.

Kwenye benchi.

Kushoto kwake baba mmoja anakohoa. Kulia kwake msichana na kichanga. "Bibi, nishikie mtoto niende dirisha la malipo." Akashika. Mwingine akaja, "Bibi, eti hapa tunaanzia wapi?" Akamwelekeza. Mwingine mtoto wake ana tumbo, bibi unaonaje. Mpaka adhuhuri alikuwa ameshaamua ugomvi wa foleni, na vichanga viwili vimelala mapajani mwake.

Amesafiri siku nzima kukimbia mlango wake, mlango umemfuata.

Mashine nayo ikasema hana kitu.

Jioni ile Aron akamwonyesha simu, eti kumfariji. Kwenye kundi la familia wamebandika picha yake ile ya kitambulisho, aliyokodoa macho, na chini yake mikono ya kuomba, mistari na mistari. Mwanawe wa Arusha anaomba ruhusa kazini aje. Wa Tanga analia kwa sauti iliyorekodiwa.

"Waambie mimi mzima," Efrazia akasema.

"Ndiyo mama," Aron akajibu, akamfunika blanketi. Dar es Salaam, na joto lile.

Ikafika Alhamisi asubuhi, siku yake ya mwisho. Alipotoka kunawa akamkuta Aron ameshavaa viatu.

"Mama, nimepata mtaalamu wa tatu. Huyu hashindwi."

Efrazia akatazama dirishani. Akafikiria tiketi ya kesho. Hakuwa amewahi kumdanganya huyu mtoto, hata alipokuwa mdogo akiuliza paka wao kaenda wapi.

"Kaeni chini wote wawili," akasema. "Mmenishinda. Naumwa."

Scholastica akaanza kulia. Aron alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la viazi.

"Nini mama?"

"Kifua. Kuna daktari alipita kule kwetu, akaniambia hewa ya mlimani imenizidi. Akasema nikae pembeni ya bahari siku nzima nivute upepo wa chumvi. Nisiulizwe kitu. Nisisemeshwe."

"Na dawa?"

Akafikiri kidogo. "Askrimu. Baridi inatuliza mapafu."

"Sasa mama, si ungesema tangu Jumatatu?"

Baada ya hapo mambo yalinyooka kama kamba. Aron akazima simu zote mbili, jambo ambalo mkewe hajawahi kuliona. Benchi likapatikana, lenye kivuli, maji yako mbele. Askrimu ikaja, ikaisha, ikaja nyingine. Pantoni walikwenda na kurudi mara tatu. Muuza karanga akisogea, Aron anasimama, "Samahani, ni mgonjwa." Hakuna aliyemwuliza mwiko wala mpaka.

"Ilikuwa tamu?" nikamwuliza pale kwenye ngazi.

"Tamu. Lakini ilinikera mpaka leo. Kusema kweli kumenipa sindano, kudanganya kumenipa askrimu. Mimi mtu mzima, naomba ruhusa ya kukaa kama mtoto anayetoroka shule."

Alichokuwa hajui ni kwamba Aron, kabla ya kuzima simu, alimpigia Mwajuma. "Mama mdogo, tumeupata. Ni kifua, daktari kamwandikia bahari." Na Mwajuma, ninyi mnamjua sasa.

Ijumaa Efrazia akapanda basi. Kutoka Mombo lile linapanda mlima likizunguka kona, yeye roho inatulia. Akafika saa nane mchana. Akashika njia ya kwake na kikapu kichwani.

Uani kwake pamejaa watu.

Turubai limefungwa. Wanaume wanapasua kuni. Akina mama wa kanisani na wa msikitini wamechanganyika kwenye moto, masufuria matatu yanachemka. Shamba lake la viazi limelimwa lote, mpaka ile pembe yenye mawe.

Efrazia akatua kikapu. "Kafa nani?"

Kila mmoja anatazama kwato za mbuzi.

Mwenyekiti wa kitongoji akakohoa. "Hajafa bado," akasema.

Akaelewa.

Harufu ya maharage yanayoungua ikampata. Akaenda motoni kuyageuza. Wanawake wanne wakamshika, wawili kila mkono. "Mama Aron, wewe usiguse. Moshi ni mbaya kwa kifua."

"Yanashika chini hayo."

"Acha yashike."

Hapo uvumilivu wa miaka sitini na minne ulifika mwisho. Akasimama katikati ya uwanja.

"Nisikilizeni. Siumwi. Nilidanganya. Nilichoka, nikataka kukaa peke yangu siku tatu nisiulizwe kitu. Basi. Hakuna ugonjwa."

Watu wakatazamana. Mama mmoja akajifunga khanga vizuri, akasema taratibu, "Umeshapanda kichwani."

Wakamwingiza ndani, wakamlaza. Mchungaji akaomba, fupi, kwa huruma nyingi. Kisha wakatoka wote, wakamwacha Mwajuma amwangalie mgonjwa.

Mwajuma akafunga mlango. Akakaa pembeni ya kitanda. Akaangalia dari, akaangalia kucha zake.

"Efrazia."

"Sema."

"Huyo daktari aliyekuandikia bahari."

"Amefanyaje?"

"Anapatikana siku gani?"

"Mwajuma, nimesema nje pale mbele ya watu wote. Daktari hayupo."

"Najua hayupo. Nauliza anapatikana siku gani."

Efrazia akageuza kichwa, akamtazama. Mwajuma hakuwa anacheka.

"Na mimi kifua kinanibana," akasema. "Tangu Latifa azaliwe."

Latifa, bintiye, sasa ana watoto watatu.

Efrazia aliniambia alitaka kulia, akashindwa, akasogea ukutani kumpa mwenzake nafasi.

Nami nawaambia ninyi mnaosoma hapa, hasa mlio mijini mnaokuja kupumzisha akili kwetu. Mzazi akikwambia amechoka, jua amechoka. Usimtafutie kipimo. Mtafutie pa kukaa, kisha umwache, asihitaji kuumwa ndipo umpishe.

Mwajuma akavua kandambili, akajinyoosha kitandani na ushungi wake.

Mlango ukagongwa. "Jamani, chumvi inakaa wapi?"

"Mgonjwa amelala," Mwajuma akajibu, macho ameshayafumba. Dakika moja baadaye alikuwa anakoroma.

Efrazia akabaki anasikiliza. Nje mtu anakwangua sufuria na kijiko cha bati, na hivyo sivyo inavyokwanguliwa. Akaweka mguu mmoja chini aende akawaonyeshe. Akauacha hapo mguu ule, akautazama.

Akaurudisha kitandani. Ilikuwa saa kumi, jua bado lipo dirishani, na akalala.