Saa Iliyomo Kwenye Flashi

Fundi wa kompyuta hapa Blitar, Indonesia, huvaa flashi yake shingoni kwa kamba ya kiatu, na hata akiinamia sahani ya pecel huishika isitumbukie kwenye mchuzi wa karanga. Kompyuta ambayo diski yake imegoma huiwasha kwa flashi hiyo, yenye mfumo wake na saa yake, kisha huingia ndani kuitibu akinong'ona, "Taratibu, taratibu," kama anayemvua viatu mtoto aliyelala.

Leo Bu Winarti, yaani Mama Winarti, karani wa shule, alikaa kando yake roho mkononi. Alama za watoto mia mbili zilikuwa ndani ya kompyuta ya shule iliyogoma, na ripoti zinatolewa kesho. Kioo kilipowaka, jicho lake likatua pembeni, chini.

"Mas, kaka yangu, saa yako inakimbia. Sasa hivi saa tisa, hii inasema saa kumi."

"Haikimbii, Bu."

"Fundi mzima, saa inakushinda!" Akacheka peke yake.

Fundi aliendelea kuokoa faili moja moja, vidole vyake havitoi sauti. "Hiyo ni saa ya Taipei, kule Taiwan," akasema mwishowe. "Saa kumi mke wangu humtoa nje mzee anayelipwa kumlea, aote jua."

"Anarudi lini?"

"Mkataba ukiisha."

"Mwaka huu?"

"Huu ni mkataba wa tatu, Bu."

Diski ilipopona, akachomoa flashi, akaiwasha kompyuta upya. Ikatokea picha ya shule, na saa ya Blitar. Bu Winarti, aliyekuwa na haraka tangu asubuhi, hakuinuka.

"Hebu iwashe tena kwa ile yako, Mas," akasema. "Tuhakikishe."